Taa Nyekundu Isiyowaka

Limi ndiye aliyenitambua. Nilikuwa nimeingia kwenye kibanda cha fundi cherehani karibu na soko la Mpanda, nataka kupunguziwa sketi, na yule mama aliyeinama juu ya cherehani akainua uso, akasimamisha mguu kwenye pedali, akasema kwa sauti ya kujaza kibanda kizima, "Injinia! Injinia wa pampu!" Wateja waliokaa kwenye benchi wakanigeukia kwa heshima. Nikacheka, nikamkumbatia, nikamuuliza habari za watoto, nikamuulizia mama yake. Baba yake sikumuulizia. Ni yeye aliyeniambia, huku ananipima kiuno kwa utepe, kwamba mzee bado ananiulizia kila akija mjini: "Anasema, yule binti wetu wa mashine siku hizi yuko wapi?" Binti wetu. Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani Nsemulwa, ingawa jua lilikuwa kali na vijana wa bodaboda waliniita njia nzima. Nilihitaji kutembea. Kuna aibu ambayo ukikaa nayo kwenye kiti inakuwa kubwa kuliko chumba.

Baba yake Limi anaitwa Jilala. Mwaka ule niliomaliza chuo, mimi ndiye niliyesababisha kitongoji kizima kiache kumsalimia. Nikisimulia habari hii mjini, watu hunifariji haraka. Wengine husema haikuwa mimi, ilikuwa mashine. Wengine husema haikuwa mashine, ulikuwa ule mkutano wao. Mimi nimezoea kuhoji kila kitu, ni tabia iliyonipatia marafiki wachache na maadui wa kutosha, na hili nimelihoji kuliko yote. Jibu halibadiliki.

Nilirudi Mpanda na shahada ya uhandisi wa kompyuta na bila kazi. Shirika moja dogo lilikuwa limechimba kisima kirefu kwenye kitongoji cha wafugaji, mbele ya Sibwesa, ambako Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao walikuwa wanahangaika na maji kila kiangazi. Pampu ilikuwa ya sola na ilikaa chini kabisa ndani ya kisima. Pampu ya namna hiyo ina udhaifu mmoja: maji yakishuka chini yake nayo ikaendelea kuzunguka, inaungua. Nilikuwa nimetengeneza kisanduku cha kulinda kitu kama hicho kwa ajili ya mradi wangu wa chuo, kwa hiyo wakanichukua. Kazi ya kisanduku ilikuwa rahisi kuieleza. Kihisio kinaning'inia kisimani, kinapima maji, kinatuma habari juu. Maji yakipungua sana, kisanduku kinazima pampu na kuwasha taa nyekundu. Pembeni niliweka swichi ya kuendesha pampu kwa mkono, bila kisanduku kuingilia, kwa siku ya dharura tu. Ufunguo wa kizimba cha pampu alikabidhiwa mzee aliyechaguliwa na wenzake kuwa mlinzi wa kisima, na mlinzi huyo alikuwa Jilala.

Kwake ndiko nilikopangiwa kukaa. Nililala chumba kimoja na Limi, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri maisha yaanze. Kilikuwa chumba cha tofali za kuchoma chenye dirisha dogo la mbao, na nusu yake ilijaa magunia ya karanga, kwa hiyo nguo zangu zote, vitabu vyangu na laptopu vilinukia karanga muda wote niliokaa pale. Chakula cha wanawake kilikuwa jikoni, kwenye sinia moja: ugali wa moto, mlenda uliotiwa karanga, na maziwa mgando yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu kwa mlio ambao hata leo ukinijia nasikia njaa. Wanaume walikula nje. Nikauliza kwa nini. Mama Limi akasema wanaume wakila ndani wanasikia wanachosemwa. Nikauliza kwa nini watoto wa kiume wananyoa nywele zote wakati wa msiba, kwa nini mlango wa zizi unaelekea upande ule, kwa nini sungusungu, walinzi wa jadi, wanahukumu watu wakati mahakama ipo. "Mwanangu," akaniambia siku moja, mkono wake umebeba tonge katikati ya safari, "wewe ukipewa maji, unauliza yametoka wapi kabla hujanywa. Utakufa na kiu." Limi akacheka mpaka akapaliwa.

Kitu kimoja nilichokihoji sana kilikuwa ng'ombe wa kuwekwa. Mtu mwenye mifugo mingi hakai nayo yote boma moja. Anampelekea rafiki yake ng'ombe kadhaa, wakae kule, wale majani ya kule; rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Ng'ombe huyo huyo kwa mwenyewe ana jina lake, na kule alikowekwa watoto wanampa jina lingine. Kuna asubuhi alifika mtu kutoka upande wa Inyonga kwa pikipiki, amefunga ngozi ya ng'ombe nyuma ya kiti. Ng'ombe wa Jilala aliyekuwa kwake amekufa. Niliyasikia mazungumzo yao nikiwa jikoni, ukuta mmoja tu katikati yetu. Hayakuwa mazungumzo. Mgeni alisema, "Nimeleta ngozi." Jilala akaikunjua, akapitisha kiganja kwenye doa moja jeupe alilolijua, akasema, "Haya. Mama Limi, weka maji ya ugali." Basi. Wakaanza kuongea habari za mvua.

Mgeni alipoondoka nilimfuata mzee zizini. "Baba, utajuaje hakumchinja akamla?"

"Si ameleta ngozi?"

"Ngozi inaonyesha ng'ombe amekufa. Haionyeshi aliyemuua."

Akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu kizuri kisicho na kazi. "Sasa binti, nikianza kumuuliza hivyo, kesho ng'ombe wengine nitawaweka kwa nani?" Niliona ni jibu dhaifu. Nilikuwa na umri ambao jibu lisilonishinda kwa hoja niliona halina maana.

Programu ya kile kisanduku niliiandika juu ya kitanda cha Limi, mgongo kwenye gunia, kwa lugha ya C. Kwa wasiofanya kazi hii, niseme hivi. Kumbukumbu ya kompyuta ni safu ya vyumba, na katika C unaweza kukipa chumba kimoja majina mawili. Kihisio changu kilileta vipimo vyake kwa umbo la namba nzima. Mimi nilitaka kuvisoma kwa umbo la desimali. Njia safi ni kuvinakili kutoka chumba hiki kwenda kile. Mimi nikaona ni upotevu. Nikaacha kila kitu chumba kimoja, mlango wa mbele nikauita jina la namba nzima, wa nyuma nikauita jina la desimali. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za mashine, ilinionya. Ilisema, kwa lugha yake kavu, kwamba kusoma hivi kunavunja sheria. Ikaonya tena nilipobadilisha kitu kingine, na tena. Nikachoshwa. Nikazima maonyo yote, kama ambavyo ungezima redio ya jirani, laiti ungeweza. Halafu, kwa kuwa chipu ilikuwa ndogo, nikaiamuru kompaila iikaze programu, iwe nyepesi na ya haraka kadiri inavyoweza. Mimi niliyemuuliza Mama Limi mlango wa zizi unaelekea wapi na kwa nini, sikuiuliza kompaila swali hata moja.

Kisanduku kilifanya kazi. Kilifanya kazi masika yote na mwanzo wa kiangazi, na sasa ninajua sababu: maji yalikuwa mengi, hapakuwa na siku ya kukijaribu. Asubuhi Jilala anawasha, ng'ombe wanakuja kwa zamu kwenye birika la kunyweshea, wanawake wanachota kwenye bomba la pembeni, jioni anazima. Alikuwa mlinzi wa kujivunia. Alitengeneza kigoda chake akakiweka mahali anapoona taa na birika kwa pamoja, na watoto wakisogelea kizimba aliwafukuza kwa fimbo asiyoitumia kumpiga mtu.

Kiangazi kilipokolea, siku moja mchana, ng'ombe walisukumana birikani na ndama mmoja akaanguka kwenye tope. Jilala akaenda kumvuta na wenzake. Waliporudi, bomba lilikuwa kavu na kizimba kinanuka waya ulioungua. Taa haikuwa imewaka. Maji yalikuwa yamepungua kisimani, yakashuka chini ya pampu, nayo pampu ikazunguka mpaka ikafa. Kitongoji kizima, na mifugo yake yote, kilikuwa hakina maji mengine ila madimbwi ya mtoni, mwendo wa karibu nusu siku.

Mkutano uliitwa kesho yake, mkutano mkubwa wa sungusungu wanaouita dagashida, wanaume wamekaa duara uwanjani, wanawake nyuma yao. Jilala alikuja amebeba pampu begani. Walikuwa wameivuta kisimani kwa pamoja, lakini alikataa kusaidiwa kuibeba. Akaiweka katikati ya duara, nyeusi, inatoa harufu. "Taa haikuwaka," akasema. "Nilikwenda kumtoa ndama, hamkuniona? Nikarudi, imeungua. Taa haikuwaka. Hii hapa. Nimeleta ngozi." Wazee kadhaa wakatikisa kichwa kuonyesha wameelewa. Mzee Kashinje, ntemi wa sungusungu, yaani mkuu wao, alikuwa ameshafungua mdomo kulimaliza jambo. Nina hakika angelimaliza. Nimeirudia dakika ile mara nyingi na kila mara ninaona mdomo wake ukifunguka.

Nikaomba kusema. Wanawake hawasemi pale bila kuitwa, na mimi nilikuwa msichana na mgeni, lakini nilikuwa injinia, wakaniruhusu. Nikasema kisanduku changu hakiwezi kukosa kuwasha taa. Nikasema kuna namna moja tu ya taa kutowaka, nayo ni mtu kuigeuza swichi upande wa mkono ili avute maji zaidi ya kipimo, halafu akairudisha baada ya kuona madhara. Nikasema sentensi niliyokuwa nimeihifadhi tangu zizini, kwamba ngozi inaonyesha ng'ombe amekufa, haionyeshi aliyemuua. Watu wakaguna kwa kuipenda. Kijana mmoja akapiga makofi. Nilisikia makofi yale mwilini.

Nikatoa ushahidi. Niliomba ndoo ya maji, nikakichukua kisanduku, nikakiunganisha na laptopu ili watu waone namba kwenye skrini, nikatumbukiza kihisio ndoani, nikamwambia mtu amwage maji kidogo kidogo. Namba zikashuka. Taa nyekundu ikawaka. Tukajaza, tukamwaga, ikawaka tena. "Mnaona wenyewe," nikasema. Jilala alikuwa amesimama, anaitazama ile taa kwa mshangao wa kweli, na mimi nikausoma mshangao ule kama wa mtu aliyekamatwa.

Walimtenga. Kutengwa maana yake nyumba yako haisalimiwi, haipewi moto wala haiazimwi jembe, wanawake wako hawasimami foleni moja na wengine, na mtu atakayekutwa anakula au anaongea kwako anatozwa faini. Baadhi yao walijua kwamba ng'ombe wa Jilala ni wengi kuliko wa wengine, na hilo likatosha kuwa sababu ya kuvuta maji. Hakubisha. Aliokota kofia yake, akaondoka, na duara likampisha kwa upana zaidi ya uliohitajika.

Nilirudi pale nyumbani kuchukua vitu vyangu. Sikuwaza hata kidogo kubaki. Ninasema hivyo kwa sababu nimewahi kujidanganya kwamba nililazimishwa, na si kweli, hakuna aliyenisindikiza. Limi alikuwa anakunja kanga zangu, anazipanga ndani ya begi vizuri kuliko nilivyowahi kuzipanga mimi, bila kuinua macho. Mama Limi alikuwa jikoni, amenipa mgongo. Alipoongea, aliongea na sufuria. "Chakula kimeiva," akaiambia sufuria. "Lakini mtu akikutwa anakula hapa watamtoza. Bora aende mapema, kabla hawajahesabu amekaa kiasi gani." Alikuwa ananilinda mimi. Nilisimama mlangoni na begi, nikatafuta neno, na neno lililonijia lilikuwa kwamba nilisema tu nilichokiona. Nalo nikalimeza. Usiku ule nililala nyumba ya jirani, na asubuhi nikapanda pikipiki mpaka Mpanda, kisanduku kimefungwa kifuani kwangu kama mtoto.

Zaidi ya mwezi ulipita shirika likitafuta pampu nyingine, ndipo nikaambiwa nikiandae kisanduku kwa ajili yake. Nyumbani Nsemulwa nilikiweka juu ya meza ya chakula, nikatumbukiza kihisio kwenye beseni, nikarudisha ile programu iliyokuwa kisimani, ile halisi, isiyoonyesha namba kwenye skrini. Nikamwaga maji. Taa haikuwaka. Nikadhani waya umelegea. Nikamwaga tena. Beseni likakauka kabisa, na taa imelala. Nikaongeza ule mstari wa kuonyesha namba, nione kinachoendelea, na taa ikawaka. Nikauondoa mstari, taa ikazimika. Nikaurudisha, ikawaka. Nilikaa chini sakafuni. Kilikuwa kitu kinachofanya vizuri pale tu unapokitazama.

Nikampigia Baraka, niliyesoma naye, ambaye siku hizo alikuwa na kazi Dar. Alinisikiliza huku anatafuna kitu.

"Umeiambia kompaila ikaze?"

"Ndiyo."

"Isikaze. Jaribu."

Nikajaribu. Taa ikawaka bila mstari wowote. "Nimepata!" nikapiga kelele. "Kompaila ina kasoro!"

"Tulia kwanza, dada. Hicho kipimo unakisoma vipi? Usiniambie umekigeuza jina."

Nikautazama kwenye laptopu ule mstari wenye majina mawili.

"Umekigeuza jina," akasema, na nikamsikia ameacha kutafuna. "Chumba kimoja, majina mawili ya aina mbili. Kompaila haina kosa. Sheria inasema vitu vya aina tofauti havikai chumba kimoja, yenyewe imekuamini. Imekisoma kipimo mara moja ulipowasha, ikaona hakuna anayekigusa kwa jina lile, ikabaki na jibu lake. Kwa nini irudi kusoma? Haikukuonya?"

Ilinionya. Kila asubuhi Jilala alipowasha pampu, kisanduku kiliangalia kisima mara moja tu, kikaona kimejaa, na siku nzima kikaendelea kuamini kisima kimejaa, hata vipimo vipya vilipokuwa vinaingia chumba kile kile kwa jina lingine. Na siku ya mkutano nilikuwa nimeweka programu ya majaribio, yenye mstari wa kuonyesha namba, na mstari ule ndio uliokilazimisha kurudi kuangalia. Niliwaonyesha watu mashine nyingine kabisa, na sikujua.

Nilirudi siku iliyofuata. Najisifu kwa hilo kidogo, kisha nakumbuka yaliyofuata. Mzee Kashinje aliuitisha mkutano, akaniambia, "Sema. Ila usiseme Kizungu cha mashine. Sema tusikie."

"Wazee wangu," nikasema, "chukueni ng'ombe mmoja wa kuwekwa. Kwa mwenyewe anaitwa Madoa. Kule alikowekwa, watoto wanamwita Mgeni. Ng'ombe ni wangapi?"

"Mmoja!"

"Sasa mwajirini mtu asiyejua mila hii. Mwambieni aangalie kama Madoa ni mzima. Anaangalia asubuhi, Madoa mzima. Mchana inakuja habari kwamba Mgeni amekufa. Jioni mkimuuliza, vipi Madoa?"

"Atasema mzima!" akapaza mtu sauti, na duara likaanza kucheka.

"Atasema mzima. Nilimwona asubuhi, na habari ya Madoa sijaisikia."

"Huyo mtu mjinga!"

"Si mjinga, kaka. Ameambiwa hakuna ng'ombe mwenye majina mawili."

"Basi si Msukuma huyo!" Vicheko vikapanda. Wanawake nyuma nao walikuwa wanacheka. Yule kijana wa makofi akasema, "Injinia, sisi ndio tumepoteza, ungezaliwa kwetu ungekuwa ntemi!" Nami nikatabasamu. Nilikuwa nimekuja kuwaambia kwamba nimemwangamiza mtu, na katikati ya kusema nikatabasamu kwa sababu nimeeleza vizuri. Pembeni, mbali na duara, mahali anaporuhusiwa kusimama mtu aliyetengwa, Jilala alikuwa hacheki. Alikuwa amekonda. Alikuwa ananisikiliza kwa makini, kama mwanafunzi.

Ntemi alisubiri vicheko viishe. "Nani alimwambia mtu huyo kwamba hakuna ng'ombe mwenye majina mawili?"

"Ndiyo sheria ya lugha ile, baba."

"Wewe uliijua?"

"Niliijua. Na mtu huyo alinionya. Nikamwambia anyamaze."

"Kwa hiyo taa haikuwaka."

"Haikuwaka, baba. Mzee Jilala alisema kweli. Aliwaletea ngozi."

Hapo hapakuwa na aliyecheka. Wazee wakaongea Kisukuma kwa muda mrefu, sauti za chini. Nikasema ninaomba nitozwe mimi. Mzee Kashinje akanitazama bila hasira, na nadhani hiyo ndiyo sehemu iliyonichoma zaidi. "Wewe tutakutozaje?" akasema. "Adhabu yetu haikufikii. Tukikutenga hapa, wewe utapanda pikipiki." Wengine wakaguna kukubali. Kisha akatangaza kwamba Jilala amerudishwa, na kwamba kwa kuwa anayerudi ndiye anayechinja ili watu wale naye tena, Jilala atachinja mbuzi. Nikasema ninunue mimi huyo mbuzi. Wakakataa. Mbuzi wa mtu mwingine hamrudishi mtu. Yaani mtu asiye na kosa alitoa mnyama wake mwenyewe ili asamehewe, na hakuna pale aliyeona ajabu ila mimi, na mimi sikuwa na haki ya kuhoji.

Walichinjia nyumbani kwake. Watu ambao walikuwa hawajapita njia ile tangu mkutano wa kwanza walijaa uwanjani, wakiongea kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Limi alipita na beseni la kunawia. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa kubeba maji kutoka mtoni, peke yake, kwa njia ya mbali ili asikutane na wasichana wenzake. Hakunionyesha. Niliiona tu alipotoa mkono. Nilijibanza karibu na ukuta wa jikoni, nikashindwa kula. Mama Limi akaja, akanichukua kiganja, akaweka kipande cha nyama, akanifunga vidole. "Kula, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Usipokula, watasema bado kuna neno." Kwa hiyo nikala. Nilitafuna mbele ya watu wote, nikameza, ili yeye aweze kusalimiwa kesho.

Pampu mpya ilifika mvua za kwanza zikiwa zimekaribia. Programu nilikuwa nimeiandika upya, nimenakili kila kipimo chumba kwenda chumba, na maonyo yote nimeyaacha wazi. Nikaijaribu kisimani siku nyingi bila skrini na bila kuungwa na kitu. Kamati ya kisima ikamrudishia Jilala ufunguo. Nilimwomba, tukiwa wawili, aukatae. Nikamwambia hakuna anayeweza kumlaumu akikataa. Akasema kazi ya kisima anaipenda.

Asubuhi ya kwanza nilisimama mbali kidogo, na begi langu tayari, kwa sababu pikipiki ilikuwa inanisubiri. Jilala alifungua kizimba. Mkono ukafika kwenye swichi, ukasimama. Akageuka akatazama huku na huku. Mwanamke mmoja alikuwa anapita na ndoo, bado mbali. "Mayo!" akamwita, yaani mama. "Njoo hapa kidogo. Simama hapo uone. Nawasha." Mwanamke akaja, akasimama, hajui afanye nini na macho yake. Jilala akainua mkono juu ili uonekane, akawasha. Maji yakatoka. "Umeona? Iko upande wa mashine, haiko upande wa mkono." Mwanamke akasema ameona, baba. Jilala akamshukuru, akamwachia aende. Kisha ng'ombe wakakaribia, akataka kushuka birikani, na sasa hapakuwa na mtu mwingine karibu. Akaniita mimi.

"Injinia, samahani. Simama hapa, nikirudi useme sikugusa kitu."

Nikaweka begi chini, nikasimama.